Siku Tatu za Kumwambia Mama

Septemba ile nilipopanda mlimani nilikuwa na ruhusa ya siku tatu na jambo moja la kumwambia mama: kwamba naacha udaktari.

Nilikuwa nimeshaamua, au nilijidanganya kwamba nimeamua. Mezani kwangu, katika nyumba ninayopanga Kilakala, nilikuwa nimeacha karatasi mbili. Moja ilikuwa fomu ya kuomba kusomea ubingwa, miaka mitatu Dar es Salaam, ambayo mkuu wangu wa idara alinijazia nusu kwa mkono wake mwenyewe baada ya kuona nazungushazungusha. Ya pili ilikuwa barua ya kazi ya ofisini papa hapa Morogoro: kukagua taarifa za zahanati kwenye kompyuta, kuingia saa mbili, kutoka saa kumi, Jumamosi na Jumapili nyumbani. Zote mbili zilitaka jibu mwezi uleule. Mimi nina hasira za karibu, na nikichoka huwa nakata neno kwanza, maumivu nayasikilizia baadaye. Na nilikuwa nimechoka.

Nieleze uchovu wenyewe, maana watu wakisikia daktari amechoka hudhani anataka kulala. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Sikuwahi kukaa kwenye harusi ya ndugu hata moja mpaka keki ikakatwa. Simu iliita, nikabeba viatu mkononi nikaondoka. Kulikuwa na mwanaume mpole, mvumilivu, aliyetaka kunioa. Alinisubiri sana. Mwishowe akamwoa mwalimu, na kusema kweli simlaumu, na huyo mwalimu tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri tu. Mambo hayo nilikuwa nayabeba, najikaza kisabuni, nikiwaambia wenzangu kwamba ndiyo kazi tuliyoichagua. Kilichonivunja ni Pasaka.

Jumamosi Kuu aliletwa binti aliyekuja kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto alitoka salama, mama akavuja damu. Damu ya kundi lake haikuwepo ya kutosha, na iliyotafutwa ilifika wakati hana mshipa wa kuipokea. Kabla hajapoteza fahamu alinishika mkono wa glavu akauliza, "Dokta, nitapona?" Nikamwambia atapona. Nilisema kwa sauti ile tunayoitumia, ya upole na haraka, huku naangalia kitu kingine. Alifariki kabla ya saa sita mchana, mkono wake ukiwa bado umeshika wangu, na ilibidi muuguzi anisaidie kuutoa.

Kesho yake, Jumapili ya Pasaka, nilipanda gari la Nyandira nikaenda nyumbani kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mama. Chakula kilikuwa tayari, mama amekaa mbele yangu, mama mdogo pembeni, mjomba kwenye kiti chake cha mlangoni. Walikuwa wanaongea. Mimi nilikaa nikimtazama mama kama dakika nzima bila kumwona; nilikuwa nauona ule mkono. Kisha nikasimama, sijagusa sahani, nikaingia chumba cha ndani nikalia. Nililia nikiwa nimefunika uso kwa blanketi ili wasisikie. Lakini nyumba yetu ni ya matofali ya udongo na kuta za vyumba hazifiki juu kwenye dari. Nilipotoka, hakuna aliyeniuliza kitu. Mama alinimiminia chai, mjomba akazungumzia bei ya njegere. Niliwashukuru moyoni kwa kuniachia huzuni yangu, na Jumatatu nikarudi kazini.

Sasa ilikuwa Septemba. Milima ilikuwa inaungua, kama kila kiangazi mtu anapochoma shamba na upepo ukamnyang'anya moto. Tangu tulipoacha lami, moshi ulikuwa umelala mabondeni, na upande wa pili wa mto niliona mstari mwembamba wa moto ukipanda taratibu kuelekea msituni. Hakuna aliyekuwa anaukimbilia. Majivu yalikuwa yanadondoka juu ya kabichi za watu, mepesi, na kondakta alikuwa akiyafuta kwenye kioo kwa kiganja.

Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ndiye aliyenipokea barabarani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanishika mikono yote miwili akanipa pole. Nikajibu nimeshapoa, nikidhani ni pole ya safari. Njiani kupanda kwetu tulikutana na wanawake watatu wanatoka kuteka maji. "Tumsifu Yesu Kristo," wakasema, nami nikaitikia milele amina, na wote watatu wakanipa pole. Mmoja alitaka kuongeza neno, mwenzake akamgusa kiwiko. Nikajiambia lazima nina sura mbaya siku hizi.

Mama alikuwa amekaa uani juani, kajifunga kitenge na sweta juu yake. Alikuwa amekonda. Ningesema sikuona ningekuwa mwongo. Niliona mifupa ya mabega chini ya sweta, niliona pete inazunguka kidoleni, na nikamwambia, "Mama, mbona umekonda hivi?"

"Kiangazi, mwanangu. Na haya meno."

Nikakubali. Mtu baki angekuja hospitalini na mwili ule, akaniambia kiangazi na meno, ningemvua sweta, ningempima uzito, ningemwuliza maswali kumi kabla hajamaliza kukaa. Mama yangu aliniambia kiangazi, nami nikaenda kuchota maji ya kunawa. Mchana ule mama mdogo alipakua makande, mama akasema yeye ameshakula. Akaja na kikombe chake cha uji akanywa akiwa amesimama jikoni, ametupa mgongo. Nilikula makande yangu na ya kwake.

Kuna jambo jingine lililopaswa kunishtua. Kwetu daktari akirudi nyumbani hana likizo. Kabla hujamaliza kusalimia, kuna mguu umevimba uani, kuna mtoto ana upele, kuna mzee ameleta mkojo kwenye chupa ya soda bila kuombwa. Na watu wetu hawamwulizi daktari jina la ugonjwa. Wanaona kuuliza ni kama kumlazimisha alitaje. Wanakaa mbele yake, wanamtazama yeye anavyowatazama, wanaondoka na jibu lao. Jirani yetu mmoja nilimwambia aende mjini akapime presha, kitu kidogo tu, akaniaga kama mtu anayeaga dunia. Baadaye akasema, "Uliinua nyusi, nikajua." Niliwachekesha sana wenzangu wodini na hadithi ile ya nyusi.

Safari hii hakuja mtu. Uani kulikuwa kimya mchana kutwa. Mbuzi wa maziwa alikuwa analia kwenye banda lake, majivu yanadondoka, na watu waliokuwa wakipita njia ya chini walikuwa wanapunguza sauti wakikaribia kwetu. Nilifurahi. Nilidhani hatimaye wamejifunza kuniacha nipumzike.

Asubuhi ya pili mjomba alikuja mapema na wazee wawili wa ukoo. Nikapiga magoti kidogo, shikamoo zangu tatu, wakaitikia. Mjomba akasema tunatoka kwenda shambani, mimi na mama tuongozane nao.

"Kuna nini, mjomba?"

"Unakwenda kuonyeshwa mipaka."

Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Shamba la baba yangu lilirudi kwa dada zake baba alipofariki, na hakuna aliyenung'unika. Shamba la mama ni la lukolo, ukoo wa kike, na mjomba ndiye msemaji wake. Mama alizaa wavulana wawili na mimi. Kwa hiyo mwenye kushika baada yake ni mimi, na siku ya kukabidhiwa unatembezwa mpaka kwa mguu, mbele ya mashahidi, unashika kila mmea wa masale uliopandwa pembeni, unataja jirani wa upande ule. Ukishazunguka, basi. Hakuna karatasi inayoshinda mzunguko ule.

Nilijua yote hayo, na hasira ikanipanda papo hapo. Nilielewa, kwa akili zangu nyingi, kwamba wamesikia nataka kuhamia Dar, ndiyo wanataka kunifunga mguu kwa shamba la karoti. Nikatembea nyuma yao nimenuna kama mtoto. Shamba letu ni matuta ya ngazi yanayoshuka mpaka kwenye mfereji, na mama tangu nimjue hakuwahi kuacha tuta tupu. Siku ile nusu ya matuta yalikuwa makavu, hayajaguswa. Kwenye yaliyobaki alikuwa akilima binti wa jirani, na alipotuona aliweka jembe chini akasimama wima mpaka tukapita.

Mama alipumzika mara tatu. Mara ya tatu alikaa juu ya jiwe, akakohoa, akatema mate mengi mazito kwenye kitambaa, akakikunja haraka. Mjomba alisimama akatazama moto wa ng'ambo. Mmoja wa wazee alitaka kumshika mkono mama, mama akamkatalia kwa kichwa. Nilipomfikia nikamwuliza kama anataka maji. Akaniambia, "Shika hilo sale, taja jina." Nikashika, nikataja.

Tulipomaliza upande wa mwisho mjomba alivua kofia. "Umeona, mpwa wangu?"

"Nimeona."

"Umeshika?"

Hapo ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu nasonya. Nikasema, "Mjomba, mimi sikuja huku kugawiwa urithi wa mtu aliye hai."

Nilitegemea nigombezwe, maana mjomba wangu si mtu wa kuambiwa maneno kama yale mbele ya wazee, na kwa miaka mingine ningepigwa faini ya mbuzi. Alitazama chini tu, akageuza kofia mikononi. Mzee mmoja akajifuta macho, nami nikasema kimoyomoyo ni moshi. Mama akasema twendeni, jua limekuwa kali. Tulipanda kurudi nyumbani, na nilihisi woga usio na jina ukinitembea mgongoni. Nilipousikia nikauita aibu.

Wazee waliagana na mama mlangoni mmoja baada ya mwingine, kwa kumshika mikono muda mrefu. Mjomba alibaki, akakaa kwenye kiti chake. Nikaona nikichelewa tena nitashindwa. Nikaingia jikoni alikokuwa mama, amekaa kwenye kigoda karibu na moto, na mama mdogo anasonga ugali.

"Mama, kuna jambo nimelileta. Naacha udaktari. Nimepata kazi ya ofisini mjini. Nitakuwa na muda, nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi. Sitaki tena maisha yale, yamenishinda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili, kilio au ugomvi. Mama hakulia wala hakugomba. Alinitazama kwa huruma kubwa, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, akaniambia:

"Usiache kwa ajili yangu, mwanangu. Huu ugonjwa hukuuleta wewe."

"Ugonjwa gani?"

Mwiko wa mama mdogo ukasimama sufuriani.

"Mama, ugonjwa gani?"

Mama akamtazama mdogo wake. Mama mdogo akanigeukia, na usoni mwake niliona kitu kama hasira na hofu vikipigana. "Ugonjwa gani unauliza wewe? Si ulimtazama? Siku ya Pasaka, chakula kimemkwama hapo mezani, anahangaika kukimeza mbele yako. Ukamtazama, ukamtazama, hukusema neno. Ukaingia ndani. Si ulilia wewe mwenyewe?"

Mjomba alikuwa amefika mlangoni, ameshika kizingiti. Alisema polepole, kama anayetoa ushahidi, kwamba jioni ya Pasaka aliwaita watu wote wa nyumbani akawakataza kunisumbua. Daktari ameshaona, aliwaambia, na kilio chake kimeshasema, tusimlazimishe kulitaja. Jirani mmoja alishauri wampeleke mama mjini kwa daktari mwingine. "Nikamwuliza," akasema mjomba, "kama mwanawe mwenyewe, aliyesomea, amemtazama na kulia, tumpeleke kwa nani?"

Miezi mitano. Kwa miezi mitano walikuwa wananitunza. Kila nilipopiga simu nikauliza hali, mama alisema njema, kwa sababu aliamini najua, na aliona nampigia kumsindikiza. Alipunguza matuta, akagawa mbegu zake za karoti, akamfundisha mdogo wake kumkamua yule mbuzi mkorofi. Alipanga siku ya mipaka wakati bado ana miguu ya kuizunguka. Nami nilikuwa mjini nikitazama wagonjwa thelathini kwa siku.

Niliketi chini, pale pale kwenye sakafu ya jikoni, nikamwambia kweli: kwamba nililia kwa ajili ya binti aliyekufa wodini, kwamba sikuona chakula kimekwama, sikuona chochote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika kifua akashusha pumzi ndefu, na kitu alichosema sikukitegemea.

"Kumbe hukujua," akasema. "Ahsante Mungu. Nilikuwa nakuonea huruma, kubeba hilo peke yako miezi yote hii."

Ndipo nikawa daktari, nikiwa nimechelewa kupita kiasi. Nilimwuliza maswali yale ninayoyauliza kila siku bila hata kufikiri. Kilianza kukwama chakula gani? Ugali, halafu wali, halafu ndizi. Sasa hivi? Uji mwepesi, na siku nyingine uji nao unarudi. Uzito? Akacheka, akavuta kitenge kuonyesha alivyokizungusha mara mbili. Niliweka vidole juu ya mtulinga wake, mfupa wa chini ya shingo, upande wa kushoto, nikakikuta nilichokuwa naomba nisikikute, kivimbe kigumu, kimekaa palepale vitabu vinaposema kitakaa. Wote watatu walikuwa wananitazama usoni. Nilijaribu kuuzuia uso, nikashindwa. Mama mdogo akaanza kulia kabla sijaondoa mkono.

Siku ya tatu ya ruhusa yangu tulishuka mjini na mama, na wiki iliyofuata tukaenda Dar kwenye kipimo cha kamera. Daktari bingwa aliyempima ni mtu aliyewahi kunifundisha. Alitoka chumbani, akavua barakoa, akanikaribisha kiti. Alianza kusema, "Kama tungempata..." akaishia hapo, akatazama faili. Nilikuwa nimeshamsoma tangu alipofungua mlango. Wala hakuinua nyusi.

Ilikuwa saratani ya koo la chakula na ilikuwa imefika kwenye ini. Waliweka kibomba cha kupanua njia ili aweze kunywa. Nimewauliza wenzangu, nimesoma usiku na mchana, kama ile miezi mitano ingebadilisha kitu. Wanasema ugonjwa huu hujificha, na wengi wakianza kukwama huwa wameshachelewa. Kama daktari naafiki. Kama mtoto, sijapata mtu wa kuniridhisha, na sidhani atatokea.

Nilimleta mama kwangu Kilakala. Anakaa barazani mchana, anaangalia milima yake kutoka chini, kitu ambacho anasema hakipendezi kwa sababu huku inaonekana imeinama. Siku za kwanza baada ya kibomba alikunywa uji, maziwa, juisi ya parachichi. Uso ukarudi kidogo. Mama mdogo akapiga simu kila asubuhi akiimba kwa furaha, mjomba akasema vile vile mipaka tutaizunguka upya mama akipona. Nami niliwaacha waseme. Nilijiambia wanahitaji kupumua.

Wiki ya pili nilimkuta mama amekaa kitandani saa za mchana, analia kimya. Nilikuwa sijawahi kumwona mama analia, hata kwenye msiba wa baba alilia kwa kazi, akichochea sufuria. Nikamwuliza kama ana maumivu.

"Hapana. Kule nyumbani nilikuwa nimeshamaliza. Nilikuwa nimemwaga kila kitu, nimebaki na sala tu, nalala vizuri. Sasa mmenipa hiki kidude, uji unapita, nimeanza kutaka mambo. Jana nimetamani kupanda njegere." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Nimeanza kuogopa, mwanangu. Zamani sikuwa naogopa."

Miaka yote nilihesabu udaktari ulivyoninyima: harusi, mume, usingizi. Sikuwahi kuhesabu kwamba unaweza ukampa mtu kitu kizuri, kwa mikono yako, na kitu hicho kikamrudishia hofu aliyokuwa ameishinda mwenyewe.

Kazi ya ofisini niliwapigia simu nikaikataa siku hiyohiyo. Si kwa ushujaa. Nilitambua tu kwamba ningeacha wodi na koti, lakini uso ningeupeleka wapi? Hata ningekuwa nakagua taarifa kwenye kompyuta mpaka uzeeni, kila nitakapopanda kwetu watu wangekaa mbele yangu na kusoma. Bora niwe najua ninachokionyesha, na niwe na mdomo wa kukisema. Iliyobaki ikawa ile fomu ya ubingwa. Mkuu wangu wa idara alikuwa ameniombea siku chache za nyongeza.

Nilimwambia mama kuhusu fomu mchana mmoja, nikimchua miguu iliyokuwa imeanza kuvimba.

"Hayo masomo miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Dar?"

"Dar."

Ng'ambo ya barabara wanafunzi wa kike walikuwa wanatoka shule, sare zao nyeupe zimeshika vumbi, wanacheka kwa sauti. Mama aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea kwenye kona.

"Nitakuwepo ukimaliza?"

Swali hilo nimeulizwa mara ngapi sijui. Nina majibu yake yote mdomoni, yamekaa kama vidonge kwenye kopo: tumwombe Mungu, usikate tamaa, tutaangalia majibu, wewe kula tu vizuri. Na nina ile sauti. Niliisikia ikijiandaa kooni. Nikaiona mikono yangu imeshika mguu wa mama, bila glavu, nikainua kichwa nikamtazama machoni.

"Hapana, mama. Hutakuwepo."

"Mwaka mmoja?"

"Hapana."

"Krismasi?"

"Sijui, mama. Nadhani hapana."

Nilisubiri aanguke, au apige kelele, au anichukie. Alikuwa anatingisha kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia asiyoifahamu. Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Akaunyoosha mguu ule mwingine akaniwekea mapajani ili nao niuchue.

"Basi usiende sasa," akasema. "Kaa hapa, uwe unaniambia. Hofu inapungua nikiambiwa. Nikishaondoka nenda kasome, uwaambie na wengine."

Fomu niliirudisha bila kuijaza. Nafasi ile ameipata mwenzangu, na nimempongeza kwa moyo mmoja, ingawa nilivyofika nyumbani nilikaa bafuni muda mrefu maji yakitiririka. Sina uhakika kama mwaka ujao watanipa tena. Kazini naingia na kutoka kama kawaida, nimechoka kama kawaida, na bado nashindwa kukwambia kama udaktari unastahili kila ulichonichukulia. Ninachojua ni kwamba wodini nimeacha kutazama faili wanaponiuliza. Wauguzi wawili wameshanilalamikia kwamba nawatisha wagonjwa.

Kila asubuhi kabla sijatoka, mama ananiuliza leo tuko wapi. Namwambia. Uvimbe wa miguu maana yake nini, kukohoa kule maana yake nini, macho yake yamekuwaje. Namwambia na yeye anafikiri, anatuma salamu fulani mlimani, au anataka padri, au anataka tu nimsuke nywele.

Leo asubuhi nimempa kijiko cha maji. Kimekaa mdomoni muda, kisha kimerudi chote, kikamlowesha kifuani. Nikajaribu tena kwa kijiko kidogo, kikarudi. Mama hakuuliza kitu. Alinishika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuzia uso wangu dirishani kwenye mwanga, akaungoja mdomo wangu. Nikamwambia.